Sitara Isiyokuwa Sitara

Leo nakueleza kosa langu mwenyewe, huenda likakuzuia wewe usilitende.

Zamani, baba mmoja alinijia baada ya sala ya Isha, machozi yakimtoka. Binti yake wa miaka 9 alikuwa ameharibiwa na jamaa wa nyumbani. Akaniuliza, "Maalim, nifanye nini?" Nikamjibu upesi, kama mtu ajidhaniaye ana hekima: "Msitiri mwanao. Jamaa huyo mwondoe nyumbani, na jambo hili liishe humu humu." Akanishukuru, akaenda zake. Nami nikalala usingizi mnono.

Mwaka juzi binti yule alinijia mwenyewe. Sasa ni mama wa watoto watatu. Hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Maalim, mlimsitiri yeye. Mimi hamkunisitiri." Kisha akaniuliza kama wakati wa kudai haki yake umekwisha. Sikuwa na jawabu. Nikafuatana naye kwa wakili, na niliyojifunza huko ndiyo ninayokupa wewe.

Kwanza, katika Kenya yetu makosa madogo, ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6, hushitakiwa ndani ya miezi 12. Kumnajisi mtoto si katika hayo. Hata ipite miaka 30, mlango wa polisi haujafungwa. Aliyetenda kabla ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 huhukumiwa kwa sheria iliyokuwako siku ile. Kwa aliyetenda baada yake, ikiwa mtoto ana miaka 11 au chini, sheria imeandika kifungo cha maisha.

Pili, kudai fidia ni jambo jingine. Madai hayo yana miaka michache tu, na kwa aliyedhulumiwa utotoni hesabu huanza atimizapo miaka 18. Kwa binti yetu miaka hiyo ilikwisha kupita zamani, na mimi ni mmoja wa walioipitisha.

Tatu, wengi wetu humtisha mtoto kwa kumwambia, "Wako wapi mashahidi wanne?" Ewe ndugu, hao ni wa kuthibitisha zina. Mtoto aliyeharibiwa hakuzini, amedhulumiwa. Na mahakamani, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi humruhusu hakimu kuhukumu kwa neno la mdhulumiwa peke yake, akiridhika kwamba asema kweli na akaziandika sababu zake.

Nne, usilipeleke jambo hili kwa kadhi ukadhani limekwisha. Katiba ya mwaka 2010 imempa kadhi mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu. Jinai si yake. Wala suluhu ya wazee, hata ikiwa na mahari au ng'ombe, haiifuti kesi.

Na likikufika leo, Mungu apishe mbali, usimwogeshe mtoto wala usifue nguo zake. Mkimbize hospitali, zisipite saa 72, kwani baada ya hapo dawa ya kumkinga na UKIMWI haitolewi tena. Kisha nenda polisi uandikishe, upewe fomu ya P3. Ukikosa pa kuanzia, piga simu 116, haina malipo.

Utaniambia, "Sheikh, dini imetuhimiza sitara." Kweli. Lakini sitara ni ya mja aliyeteleza akatubia baina yake na Mola wake. Haki ya mtoto si yetu sisi kuisamehe. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata ushahidi ukiwa juu ya wazazi na jamaa zetu. Mimi nilikuwa nikiifundisha aya hiyo kila mwaka, na siku iliponihitaji niliikimbia.

Binti yule ameandikisha maneno yake polisi. Nami nimeandikisha yangu: kwamba baba yake alinijia, na nini nilimwambia. Baadhi ya watu wamenilaumu kwamba nimeuanika mji. Aibu hiyo naibeba, na ni nyepesi kuliko aliyoibeba yeye tangu utotoni.

Basi, msomaji wangu, mwanao akikuambia neno zito, msadiki kwanza. Usimwambie anyamaze.

Wabillahi tawfiq.