Sanje: Mimi, Mchumba na Stendi

Mwezi uliopita mimi na mchumba wangu tulipanda hadi maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Maji yanadondoka mita 170 hivi, na kishindo chake unakisikia kabla hujayaona.

Mpenzi msomaji, kama unataka picha ambayo maji yanaonekana kama pazia la hariri, stendi ni lazima. Niliacha kamera ifunguke nusu sekunde. Ukiishika mkononi, kila kitu kinatikisika. Na usiombe jua kali. Siku ya mawingu ndiyo tamu, vinginevyo povu linageuka doa jeupe tupu.

Basi bwana, nikafuta manyunyu kwenye lenzi, nikapiga, nikafuta tena. Saa nzima! Kugeuka, mwenzangu ameshavaa viatu.

“Umekuja na mimi au na hiyo stendi?”

Tangu tuvishane pete hatujawahi kupata siku mbili pamoja bila simu za kazini. Nilikosa jibu. Nikakunja stendi, nikajitosa bwawani. Baridi balaa! Akacheka, akanifotoa kwa simu, kisha akanifuata.

Picha yake imetikisika, nusu ya kichwa changu haipo. Ndiyo tuliyoitundika sebuleni.