Maji ya Hola na Majibu ya Waziri

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno hili hufundishwa watoto, lakini liko mahali pamoja ambapo watu wazima wenye mvi na elimu hulifanyia kazi mbele ya macho ya taifa zima, napo ni katika Bunge. Humo mjumbe aliyetumwa na watu wa wilaya yake huweza kusimama na kumtaka Waziri, mwenye askari na fedha na makarani chini ya amri yake, aeleze alilolifanya na sababu ya kulifanya. Waziri hawezi kumfukuza mwulizaji wala kumtisha. Imempasa asimame na kujibu.

Desturi hii ni ya zamani. Swali la kwanza linalojulikana kuwa liliulizwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Nyumba ya Malodi. Lord Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtunza fedha wa kampuni moja kubwa, aliyetoroka baada ya hisa za kampuni hiyo kuanguka na kuwafilisi watu wengi, alikuwa amekamatwa huko Brussels. Habari yenyewe ilikuwa ndogo, lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa mkubwa, wala haujafungwa tangu siku ile.

Yafaa msomaji afahamu jinsi kazi hii inavyokwenda. Mjumbe huandika swali lake na kulipeleka mapema. Makarani wa Wizara hupekua majalada, hupeleka simu huku na huku, kisha humwandikia Waziri jibu lililopimwa kila neno. Waziri akilisoma jibu hilo huwa bado hajapata taabu yo yote. Taabu huanza mjumbe asimamapo tena kuuliza swali la nyongeza, kwa sababu swali hilo halikuandikwa po pote. Ni kama mtu mbele ya baraza la wazee aliyejifunza kueleza habari za mpaka wa shamba lake bila kukwama, mpaka mzee mmoja aliye pembeni amwulize ni nani aliyeukata ule mti wa mpaka. Hapo ndipo wazee wote huinua vichwa.

Tena liko sharti moja zito. Waziri huweza kujibu kwa ufupi, huweza kusema kwamba jambo liko mbele ya mahakama, huweza hata kukataa kujibu kwa ajili ya usalama wa nchi. Lakini hana ruhusa ya kulidanganya Bunge. Bwana John Profumo, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, alikiacha cheo chake mwaka 1963 baada ya kukiri kwamba aliyoyasema Bungeni hayakuwa ya kweli.

Kwa watu wa Kenya, thamani ya desturi hii haikupata kuonekana wazi kuliko mwaka 1959, katika habari ya Hola.

Hola ni mahali pa joto kali karibu na Mto Tana. Wakati wa Hali ya Hatari palijengwa kambi ya watu waliowekwa kizuizini kwa habari za Mau Mau, pamoja na kazi ya kulima mashamba kwa maji ya mifereji. Baadhi ya watu hao walikataa kufanya kazi. Walisema kwamba wao hawakuhukumiwa na mahakama yo yote, na kwa hiyo haikuwa haki kuwafanyisha kazi kama wafungwa. Wakubwa wa magereza walitunga mpango wa kuwalazimisha. Tarehe 3 Machi 1959 watu zaidi ya 80 walitolewa kambini na kupelekwa kazini kati ya askari wenye marungu. Kabla siku haijaisha wengine walikuwa wamekufa na wengine wako taabani.

Siku iliyofuata taarifa rasmi ilitolewa Nairobi. Ilitaja watu 10 waliokufa, ikasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari la maji. Hesabu ya waliokufa ilifika 11. Ye yote aliyeisoma taarifa ile bila kujua zaidi aliweza kudhani kwamba yale maji yalikuwa na sumu, au kwamba watu wale walikunywa kupita kiasi katika jua. Marungu hayakutajwa.

Lakini maiti hazisemi uwongo. Madaktari walipozichunguza, waliona alama za mapigo mengi. Hakimu aliyefanya uchunguzi wa vifo alieleza kwamba watu wale 11 walikufa kwa sababu ya kupigwa. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii ilikuwa fupi mno.

Hapo Bwana Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni, alijikuta mbele ya Upinzani wa chama cha Labour. Bwana James Callaghan ndiye aliyekuwa msemaji wa chama hicho katika mambo ya makoloni. Bibi Barbara Castle na Bwana Fenner Brockway walikuwa wamekwisha kuuliza maswali juu ya Kenya kwa miaka mingi, hata baadhi ya wenzao walichoka kuwasikia. Tarehe 16 Juni 1959 jambo la Hola lilijadiliwa. Upinzani ulitaka kujua ni nani aliyeukubali mpango ule wa kulazimisha watu, ni nani aliyeiandika taarifa ya maji, na kwa nini hakuna aliyeshtakiwa. Waziri aliwatetea watumishi wake wa Nairobi, akaeleza ugumu wa kazi ya kuwarekebisha watu wale. Kura zilipopigwa, Serikali ilishinda, kwa maana ilikuwa na wajumbe wengi zaidi.

Mtu aweza kuuliza: basi swali lina faida gani, ikiwa mwisho wake ni kuhesabu vichwa, na vichwa vya Serikali ni vingi? Hilo ni neno la haki, na lapaswa kujibiwa.

Jibu lilionekana usiku wa tarehe 27 Julai, jambo lile liliporudishwa Bungeni. Mazungumzo yalivuka usiku wa manane. Bibi Castle alikuwa miongoni mwa walionena, lakini hotuba iliyouma kuliko zote ilitoka upande wa Serikali yenyewe. Bwana Enoch Powell, mjumbe wa chama cha Conservative kama Waziri, alisimama baada ya saa saba za usiku. Walikuwapo watu waliosema kwamba wale 11 walikuwa waovu kupita kiasi, kana kwamba hawakuwa wanadamu kamili, na kwa hiyo vifo vyao visipimwe kwa kipimo cha kawaida. Bwana Powell aliikataa kabisa hoja hiyo. Alieleza kwamba hakuna mwenye haki ya kusema juu ya mtu mwingine kwamba kufa kwake si kitu. Akaongeza kwamba Uingereza haiwezi kuwa na mizani moja ya haki nyumbani na mizani nyingine katika Afrika, na kwamba lawama isiishie kwa wadogo wakati mpango ulipita mikononi mwa wakubwa. Huyu ndiye Bwana Powell ambaye mwaka 1968 alijulikana dunia nzima kwa maneno makali juu ya wahamiaji weusi waliokuja Uingereza. Lakini usiku ule wa mwaka 1959 alisema kweli, na kweli haiwi uwongo kwa sababu ya aliyeisema.

Wako waliomhurumia Waziri. Walisema Hola iko mbali sana na London, naye hakushika rungu wala hakuandika habari ya maji. Aliletewa barua na simu, akaziamini. Huruma hiyo ina sababu. Hata hivyo, cheo cha Waziri maana yake ndiyo hiyo. Akubaliye kusifiwa kwa barabara na shule zilizojengwa na watumishi wake, hana budi kukubali kuulizwa juu ya marungu yao. Bwana Lennox-Boyd mwenyewe alilijua hilo, hata akataka kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu, Bwana Harold Macmillan, alimzuia kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu.

Hakuna mtu aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo vya Hola. Lakini baada ya uchaguzi wa Oktoba 1959 Bwana Lennox-Boyd hakurudi katika Wizara. Mahali pake palishikwa na Bwana Iain Macleod, ambaye baadaye alieleza kwamba habari ya Hola ndiyo iliyomwonyesha kuwa haiwezekani tena kuitawala Afrika kwa njia za zamani. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, na mwezi ule ule mkutano wa katiba ya Kenya ukafunguliwa katika jumba la Lancaster House. Upinzani ulishindwa kwa kura, lakini maswali yao hayakushindwa.

Tena kila neno liliandikwa katika Hansard, kumbukumbu za Bunge. Mwaka 2013, miaka 54 baada ya Hola, Waziri mwingine wa Uingereza, Bwana William Hague, alisimama katika Bunge lile lile tarehe 6 Juni. Wazee wa Kenya walikuwa wameishitaki Serikali ya Uingereza, na mmoja wao alikuwa amepigwa Hola akaponea chupuchupu. Bwana Hague alikiri kwamba watu waliteswa katika kambi za Kenya, akaeleza masikitiko ya Serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya washitaki 5,228 na gharama za kesi. Walioulizwa mwaka 1959 hawakusema hivyo. Lakini kama wasingeulizwa, yawezekana maji yale yangalibaki kuwa ndiyo habari yote.

Kenya nayo ilijifunza desturi hii, kwanza katika Legco na baadaye katika Bunge lake yenyewe. Hata miaka ambayo chama kilikuwa kimoja, wajumbe wa viti vya nyuma waliuliza maswali, wakati mwingine kwa hatari kwao wenyewe. Katiba ya mwaka 2010 iliwatoa Mawaziri katika Bunge, ikawaagiza wafike mbele ya kamati kila waitwapo. Wananchi wengi waliona pengo, na baada ya kanuni kubadilishwa, Mawaziri walianza tena mwaka 2023 kusimama mbele ya wajumbe wote na kujibu.

Ni vema iwe hivyo, mradi wajumbe wasiuliza ili wasifiwe magazetini, wala Mawaziri wasijibu ili saa ipite. Mjumbe asiyefanya uchunguzi kabla ya kuuliza humpa Waziri njia ya kutokea, na mjumbe anyamazaye kwa kuwa Waziri ni wa chama chake amekisahau kiapo chake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Serikali ni mtungi mkubwa, na swali ndilo kata lake. Likichovya juu juu litaleta maji safi ya kupendeza macho. Ni lile lifikalo chini liletalo habari ya yaliyozama.