Kitufe cha Kupakua

Hesabu za chama chetu cha akiba cha Mashimoni, hapa Kibera, zilianzia kwenye kaunta-buku. Mweka hazina wetu, mama muuza mboga, aliandika jina, nambari ya simu na kiasi, kisha Jumapili akavisoma kwa sauti kila mwanachama asikie. Kitabu kilikuwa kimoja tu. Katika mtaa wa mabati, ambapo moto unaweza kumaliza safu nzima ya nyumba usiku mmoja, jambo hilo lilitunyima usingizi.

M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 michango ikaanza kupita kwenye simu, nami nikawa napeleka kitabu saiba kukiingiza kwenye Excel. Nakala moja ilibaki kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe. Mama alizoea lahajedwali upesi kuliko nilivyotarajia. Alipoona jumla inajibadilisha yenyewe aliniambia, "Mwanangu, hii haiwezi kunidanganya."

Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walipita vijiji vyetu na vifaa vya GPS, wakichora njia, vyoo, shule na vituo vya maji kwenye ramani ya OpenStreetMap. Mwaka huohuo sensa ilihesabu watu 170,070 Kibera, ilhali kwa miaka mingi dunia ilikuwa imeambiwa tunafika milioni. Ubishi ule ulinifunza thamani ya takwimu ambazo mwenyeji anaweza kuzishika na kuzikagua mwenyewe. Ramani ile ilikuwa hivyo: yeyote angeweza kuichukua data yake na kuifanyia hesabu zake.

Baadaye chama kilihamia kwenye programu ya wavuti ya kampuni fulani. Mwanzoni kurasa zake zilikuwa nyepesi. Jedwali lilikuja lote kutoka kwenye seva, ukaliteua kwa kipanya, ukalibandika kwenye Excel, kazi ikaisha. Kisha wakaijenga upya kwa JavaScript, msimbo wote ukafungwa kwenye kifurushi kimoja kwa zana kama webpack. Sura ilipendeza, na kwenye simu ilikwenda kasi. Lakini sasa ukurasa ulifika karibu mtupu, data ikafuata baadaye, na programu ikachora mistari ile tu inayoonekana kwenye kioo. Ukinakili, unapata mistari hiyo, mingine hakuna. Ukihifadhi ukurasa, unahifadhi ganda. Kitufe cha kupakua hakikuwepo. Akiba ilikuwa yetu, na hesabu za akiba yetu tukawa tunaziomba.

Wakati huo nilikuwa nimejifunza kuandika msimbo, na pamoja na rafiki wa Kawangware tukajenga programu ndogo ya vyama. Tuliandika sehemu ya kupakua kabla hata ya kuchagua rangi. Tulianza na CSV, maana ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na papo hapo Excel ikatuonyesha tabia zake. Nambari ya simu inayoanza na 07 ilipoteza sufuri. Iliyoandikwa kwa 254 ikageuka 2.55E+11, na kwa mweka hazina anayetaka kumpigia mtu, hiyo si nambari tena. Akina Ng’ang’a na Nyang’au walitokea na alama za ajabu katikati ya majina, kwa sababu Excel haikutambua kwamba faili ni la UTF-8 mpaka tulipoweka alama ya utambulisho mwanzoni mwake. Jina la mtu kuharibika kwenye orodha ya fedha zake si jambo dogo. Mtu huyo anauliza, na ana haki, kama pesa zake nazo ziko salama.

Tukahamia XLSX, ambayo kwa ndani ni faili za XML zilizofungwa pamoja kwa zip, na ambamo kila kisanduku kinaweza kutajwa kuwa ni maandishi. Sufuri zikarudi. Maktaba ya SheetJS huliunda faili lote ndani ya kivinjari, bila kurudi kwa seva. Ila ni nzito, na wanachama wetu hununua data ya shilingi chache chache. Kwa hiyo tuliitoa kwenye kifurushi kikuu, ikawa inapakiwa pale tu mtu anapobonyeza kitufe. Asiyepakua halipii.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kupokea data zake katika muundo unaotumika sana na unaosomeka na kompyuta. Wengi Mashimoni hawajui kwamba haki hiyo ipo. Nyinyi mnaojenga programu za vyama, zahanati na shule za mitaa yetu mnaijua. Wekeni kitufe cha kupakua kwenye toleo la kwanza, kisha fungueni faili lenyewe kwenye Excel na mkague majina na nambari za simu kabla ya kumkabidhi mweka hazina.