Mwaka Ulivyo Huko Juu

Kaka yangu hahesabu mwaka kwa miezi. Anauhesabu kwa rangi ya ardhi na urefu wa mawingu. Ni rubani msaidizi wa ndege ya mapangaboi, kazi ambayo anaifanya mwaka wa nne sasa kati ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Dodoma na Mwanza. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya hali ya hewa, na mawingu nayaona zaidi kwenye picha za setilaiti kuliko dirishani. Kwa hiyo jioni, akishatua na kula, namuuliza swali lilelile: "Leo umeona nini?"

Mwezi wa saba majibu yake huwa mafupi. Ni kipupwe, kusi inavuma na anga imetulia. Asubuhi mawingu mepesi yanatandikwa chini, mapana kama mkeka, na Kilimanjaro inachomoza juu yake peke yake. Ndege yake haiko mbali sana na kimo cha kilele kile, mita 5,895, hivyo barafu anaitazama karibu usawa wa macho. "Imebaki viraka," aliniambia safari moja. Darasani tunafundishwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha. Niliwahi kuiandika namba hiyo kwenye mtihani nikapewa alama zangu. Neno "viraka" ndilo lililonikosesha usingizi.

Akielekea kaskazini huiona milima ya Usambara upande wa kulia, na hapo ndipo somo langu linapoonekana bila mchoro. Upepo wenye unyevu kutoka baharini hupanda mlima, hupoa, humwaga mvua upande wa mashariki. Ukishavuka, unashuka ukiwa mkavu. Kutoka juu, anasema, ni kijani, kisha ukingo, kisha kahawia.

Agosti na Septemba kahawia hutawala kuanzia Dodoma kwenda Shinyanga. Mibuyu imepukutika. Moshi wa nyasi na mapori yanayochomwa unatanda mpaka upeo wa macho unapotea, na jua linazama jekundu kabla ya wakati wake. Halafu inakuja vuli, na jioni zetu zinakuwa ndefu, maana hapo kaka ana mengi ya kusimulia.

Saa nane mchana mawingu yanakuwa yameota. Wingu la radi lililokomaa linaweza kupita kilomita 15 kwenda juu. Ndege yake haivuki saba na nusu. "Abiria wanadhani tunapita juu ya mvua," anasema. "Sisi tunaomba ruhusa, tunazunguka." Mbele yake kuna rada inayoonyesha mvua kwa rangi: kijani ni nyepesi, njano ni ya kujihadhari, nyekundu huisogelei. Nilicheka aliponiambia kwamba siku hizi akiiona kijani shambani moyo wake unashtuka kidogo kabla haujafurahi.

Kwetu ni Mwanza, na kwetu wingu la kuogopwa halisubiri mchana. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa hupanda juu ya nchi, na mvua hunyesha huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, ziwa linabaki na joto lake, na pepo kutoka kando zote za Ziwa Victoria hukutana katikati ya maji. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana radi za ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, na ndege ya alfajiri kutoka Dar iko njiani.

Baba mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza la mwezi alitoka na wenzake wawili, akarudi mmoja. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mama hajawahi kuipenda radi tangu hapo, na mtoto wake wa kwanza alipochagua urubani alimwambia tu, "Haya, baba. Umekimbia maji, umefuata wingu."

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha. Wavuvi ndio waliowahi kufika kuokoa. Kaka hakuwa akifanya kazi hapo, lakini tangu siku ile Mama hunipigia kabla hakujapambazuka. Simalizi shikamoo. "Marahaba. Huko juu kukoje? Na usinifiche, mwanangu."

Simfichi. Novemba iliyopita nilimwambia kuna kundi kubwa la mawingu kati ya Ukerewe na Mwanza. Asubuhi hiyo ndege ya kaka ilizunguka angani karibu nusu saa, kisha ikaenda kutua Kilimanjaro. Abiria walinuna. Mzee mmoja aliyekuwa akiwahi maziko Magu alisimama mlangoni na kuwaambia marubani kwamba woga wao umemkosesha kumzika ndugu yake. "Nilitaka kumjibu," kaka aliniambia, "kwamba wasingezika mmoja. Nikampa pole, nikanyamaza."

Nimeifikiria sana asubuhi ile. Kaka alikuwa na rada, mafuta ya akiba, uwanja mwingine wa kutua, na watu wa mnarani wa kuzungumza nao. Baba mdogo alikuwa na wingu lilelile na karabai. Utabiri wa ziwa hutolewa, na unasaidia, lakini ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na mvuvi anayesimama mwaloni saa kumi na mbili jioni anataka kujua kuhusu kipande chake na saa zake. Tasnifu yangu inauliza hilo tu: kwa mwalo mmoja, usiku mmoja, radi itaanza saa ngapi? Nimelinganisha misimu mitatu ya vuli. Majibu bado hayajatosha kumpa mtu aingie nayo majini.

Wiki iliyopita nilimweleza Mama ninachofanya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama msimamizi wangu ni mtu wa ziwa. Nikasema hapana. Jana alfajiri simu iliita kama kawaida, nikaanza kumwambia njia ya kaka ni nyeupe, hakuna kitu mpaka Mwanza.

"Ya kaka yako nimesikia," akasema. "Na waliotoka Igombe usiku?"

Nikafungua picha ya saa tisa, nikaanza kuangalia.