Mkojo Unapochoma, Nyumba Isivunjike

Akina mama wenzangu, kuna ugonjwa ambao wengi wetu huunong'ona tu, tena baada ya foleni ya kliniki kuisha. Mkojo unachoma, unakubana kila mara, ukienda yanatoka matone. Wengi huuita UTI. Huku kwetu Lushoto nimeona ukiingiza ugomvi katika nyumba za watu waaminifu, maana mume akisikia mkewe anaumwa "huko", swali lake la kwanza ni: umetoka na nani? Mke naye humshuku mumewe, ila yeye hulia kimya.

Basi tumjue mhusika. Mara nyingi ni bakteria aitwaye E. koli. Jina hilo latokana na Theodor Escherich, daktari wa watoto, aliyemweleza mwaka 1885 baada ya kumkuta katika choo cha watoto wachanga. Watoto wachanga, jamani! Hukaa utumboni mwa kila mtu, mzee wa kanisa na mlevi, na huko kwa kawaida hana ubaya. Hata hutengeneza vitamini K. (Zipo aina zake chache zinazoharisha watoto, ndiyo maana twachemsha maji ya kunywa.)

Shida huja anapohama. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa kama sentimita 4 tu, nayo iko jirani na njia ya haja kubwa. Tendo la ndoa lenyewe laweza kumsukuma hadi kibofuni, hata kama hakuna kati yenu aliyetoka nje.

Mama mmoja mjamzito, mkulima wa kabichi upande wa Lukozi, aliletwa akitetemeka kwa homa, kiuno kikimuuma upande mmoja. Alikuwa amenyamaza wiki mbili kwa kumwogopa mumewe. Bakteria alikwisha kupanda hadi kwenye figo. Wakati wa mimba mkojo hupita polepole, basi hupanda kwa urahisi, na mtoto aweza kuzaliwa kabla ya siku zake. Alilazwa, akachomwa sindano. Mumewe alipoelezwa habari ya zile sentimita 4 alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumletea uji.

Hata hivyo magonjwa ya zinaa nayo huweza kuchoma mkojo. Ukiona usaha au vidonda, sema, mpimwe wote wawili. Msinunue vidonge viwili vitatu dukani; bakteria anayebaki huizoea dawa, na aliyeandikiwa dozi aimalize. Jipanguseni kutoka mbele kwenda nyuma, na mabinti wafundishwe hivyo. Baada ya tendo la ndoa nenda haja ndogo. Tena kunyweni maji, ingawa baridi ya Magamba haileti kiu, wala msibane mkojo sokoni kutwa nzima.

Mjamzito aombe kupimwa mkojo tangu hudhurio la kwanza, hata kama haumwi. Kijiti cha kupimia hutoa jibu kwa dakika chache. Anayetaka mumewe aelezwe, aje naye. Mimi huwaketisha pamoja, na ikibidi nawaeleza kwa Kisambaa.