Mwenyeji Wako Nani?

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, limechorwa safu kwa rula na wino mwekundu: tarehe, jina la mgeni, atokako, mwenyeji wake, sababu ya kuja. Lilikaa juu ya meza kwenye geti la makazi ya wakimbizi ya Katumba, huko Mpanda. Desemba 1997 nami niliandikwa humo. Atokako: Tanga. Sababu: likizo. Kwenye safu ya mwenyeji aliandikwa baba wa rafiki yangu, aliyekuja kutupokea na baiskeli. Mzee aliinama, akalisoma jina lake taratibu, akacheka peke yake.

"Katika nchi hii," alisema, "mwenyeji naandikwa hapa tu."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani ni utani wa kawaida wa baba za watu.

Zama hizo mtoto aliyefaulu darasa la saba angeweza kupangiwa shule pembe yoyote ya nchi, na mimi nilipangiwa Mpanda, iliyokuwa bado mkoa wa Rukwa. Kutoka Tanga ni basi hadi Dar es Salaam, reli ya kati hadi Tabora, halafu treni ya Mpanda, ile inayoachana na njia ya Kigoma pale Kaliua na kupasua miombo kilomita 210 mpaka reli inapoishia. Waingereza waliijenga njia hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakifuata madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, reli ikabaki na abiria, magunia ya mahindi na madumu ya asali.

Mwaka ule zikaja mvua za El Niño, zikaikata reli ya kati. Shule ikafungwa, wenzangu wa Sumbawanga na Kigoma wakaondoka, mimi nikabaki na sanduku langu bwenini. Rafiki yangu alikuwa ametuambia kwa miaka miwili kwamba yeye ni Muha wa Kasulu, na hakuna aliyemtilia shaka, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Jioni ile alikaa kitandani kwangu, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi: "Twende kwetu. Lakini kwetu si Kasulu."

Mwaka huohuo, kule Kigoma, Waburundi waliokuwa wakiishi vijijini walikuwa wakikusanywa na kupelekwa makambini. Kunitajia kwao lilikuwa jambo zito kuliko nilivyojua.

Watu wa Katumba walikuwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Bibi wa nyumba ile alitoka upande wa Rumonge, akavuka Ziwa Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi, mwanawe kijana ubavuni. Kijana yule ndiye baba aliyetupokea getini. Serikali ya Tanzania iliwagawia wakimbizi mashamba porini, kwanza Ulyankulu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Wakafyeka miombo, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku hadi wakawa wanalisha mji wa Mpanda. Watoto wao walisoma mtaala wetu, kwa Kiswahili chetu. Lakini mtu akitaka kutoka nje ya makazi, aombe kibali. Mgeni akitaka kuingia, aandikwe kwenye daftari.

Nilimwamkia bibi "shikamoo". Akanishika mikono yote miwili hadi viwikoni, akaniambia mengi kwa Kirundi, nami nikayapokea yote kwa "ahsante". Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Mimi, mtoto wa tui la nazi, harufu ya mawese ilinishinda. Nilikula kwa adabu, si kwa hamu.

Siku mbili nilikaa kwenye kiti. Siku ya tatu niliomba jembe. Tanga tunausema sana ule msemo wa mgeni na siku ya tatu, lakini sijapata kumwona mgeni aliyepewa jembe kweli. Mama wa rafiki yangu alikataa. "Watu watasema nini," aliniambia, "wakimwona mwananchi analima shamba la mkimbizi?"

"Mwananchi." Lilikuwa jina walilotuita sisi wengine wote, nami ndiyo kwanza nilisikie likitajwa na mtu asiyehesabiwa ndani yake. Nikakazana. Hatimaye alinipa jembe la mpini mfupi, tukaingia kwenye mahindi. Wakulima wa kule huchanganya mahindi na maharage, jambo ambalo mimi sikulijua. Nilipalilia mstari mzima, nikang'oa majani na maharage pamoja, nikageuka kwa fahari kuwaonyesha kazi yangu. Mama alikaa chini shambani kwa kicheko. Tangu siku ile hakuniita mgeni tena, aliniita mwanangu, na kila asubuhi alinionya, "Mwanangu, tuachie japo mbegu."

Likizo ya 1998 reli ilikuwa nzima na nauli ningepata. Nilimwandikia mama yangu barua, nikaomba ruhusa ya kurudi Katumba. Alijibu kwa kifurushi, alichompa mtu wa treni: tende, kanga mbili, nazi sita. Barua iliishia hivi: "Samahani, mbuzi nimemsahau." Baba akasema kwa upole kwamba tusimsumbue mama wa watu, mbuzi wapo zizini. Tulicheka mpaka bibi akataka atafsiriwe. Ilibidi nimweleze kwamba pwani mbuzi ni kiti chenye meno ya chuma cha kukunia nazi. Mama alizikwangua kwa kisu.

Mwaka huo Ramadhani iliingia siku chache kabla ya Krismasi. Nyumba ile ni ya walokole, nami nilipanga kufunga kimyakimya. Usiku wa kwanza nilisikia moto unapulizwa jikoni. Mama alikuwa ameamka saa kumi kunipashia uji wa daku. Nilimwambia asijisumbue, akanijibu kwamba katika nyumba yake mtoto hali peke yake gizani. Akakaa pembeni yangu, hali, anapiga miayo.

Kufuturu nako kulinipa somo la jiografia. Kwa mazoea ya Tanga, Desemba jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu. Siku ya kwanza muda huo ulifika, nikatazama nje: jua limekaa juu ya miombo, halina habari na mimi. Mpanda iko mbali magharibi, na machweo yake huchelewa nusu saa nzima nyuma ya pwani. Watoto wa nyumba walikuja mmoja mmoja, wakasimama nami uani kulitazama. Bibi alisema neno, rafiki yangu akanitafsiria: "Jua la ugenini halina haraka." Alikuwa amelitazama kwa miaka ishirini na sita.

Siku ya Krismasi waliporudi kanisani niliona jiko halina moto. Walikuwa wameamua kwamba sherehe italiwa jua likizama, ili asiwepo mtu wa kutazama wenzake wakila. Baba alimwita jirani Mwislamu, naye mtu wa Rumonge, aje kuchinja kuku. Watoto wadogo walishinda wakiuliza jua limefika wapi. Tulikula wali wa nazi, kuku na maharage ya mawese kwenye jamvi moja, nami niliomba niongezewe maharage.

Baada ya hapo maisha yalitutawanya. Nilirudi Tanga, nikawa mwalimu. Rafiki yangu akawa muuguzi. Barua zikawa simu.

Mwaka 2008 wakimbizi wa 1972 walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wanne kati ya kila watano waliomba uraia. Bibi alichagua kurudi. Alisema anataka kulala jirani na mumewe. Familia iliyovuka ziwa pamoja ikagawanyika kwenye fomu, juu ya meza ya chakula, bila ugomvi.

Uraia ulikubaliwa mwaka 2010, lakini ukaja na sharti: wahame, wakaanze upya katika mikoa mingine. Nilipowatembelea Desemba ile nilikuta nyumba ile ile, ukuta umepasuka na haujasiribwa. Nani asiribe nyumba anayoambiwa ataiacha? Baba aliniuliza, kama mwalimu, nimweleze hali yake. Burundi alikwisha ikana kwa maandishi. Hati ya Tanzania bado hajaishika. "Sasa mimi ni nani?" Sikuwa na jibu. Nilichukua jembe nikaenda shambani, na maharage nikayaacha yamesimama.

Kuhama kukasitishwa. Mwaka 2012 mkoa wa Rukwa ukagawanywa, na ile familia, bila kusogeza hata chungu, ikajikuta mkoa mpya wa Katavi. Oktoba 2014 hati zikaanza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000, na ruhusa ya kubaki walipo. Mwaka uliofuata baba alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani, akiwa mtu mzima mwenye mvi. Alinipigia simu kunieleza urefu wa foleni. Mimi foleni ile huilalamikia kila uchaguzi. Yeye aliisimulia kama mtu aliyetoka harusini.

Wapo wanaosema hawa tuliwapokea sisi. Ni kweli, na Tanzania ina haki ya kujivunia jambo hilo. Mataifa machache yamepata kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo. Lakini mimi, mwananchi wa kuzaliwa, nilipokwama nchini mwangu mwenyewe nilipokewa na wao. Walikuwa wenyeji muda mrefu kabla ya hati. Hati imekuja kuthibitisha kilichokuwa kimekwisha andikwa getini kwa wino mwekundu.

Desemba 2016 binti wa rafiki yangu alikuja Tanga kwa likizo, mara yake ya kwanza kuiona bahari. Nilimpa mbuzi ya kukunia nazi, akakuna vibaya, nikacheka kwa zamu yangu. Kwa desturi nilimpeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mzee alifungua daftari, akaniandika mwenyeji, akamuuliza mtoto ametoka wapi.

"Katumba, Katavi," alijibu.

Mjumbe akaandika Katavi, akafunga daftari, akaniuliza bei ya asali ya huko siku hizi ni kiasi gani.