Nakala ya Pili

Mwalimu akistaafu, ndugu msomaji, huondoka na tabia zake zote. Mimi niliingia ualimu katika miaka ya sabini, nikamaliza nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na muda wote huo sikuchoka kuwaambia wanachuo wangu kwamba andalio la somo liwe na nakala mbili: moja ya kufundishia, moja ya kuweka kwenye faili. Insha hii ni ya kukiri kwamba aliyekuwa akihubiri hayo hakuyatenda, na kwamba alifundishwa upya na kompyuta ndogo kuliko boksi la chaki.

Kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi. Ni ubao mmoja tu, ukubwa wake kama kadi ya benki. Ilianza kuuzwa mwaka 2012. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, wakataka kitu cha bei nafuu ambacho mtoto atakichezea bila kuogopa kukiharibu. Mimi niliipata ya toleo la nne, lililotoka mwaka 2019. Ilikuwa zawadi ya mjukuu wangu. Inatumia umeme kidogo, nami nikaiona inanifaa hapa Kilwa Masoko.

Niliipa kazi moja. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea nchi nzima. Waliojifunza kusoma wakati ule wakiwa watu wazima, sasa ni wakongwe. Nilizunguka na kinasa sauti Kivinje, Masoko na vijiji vya jirani, nikarekodi wazee 23. Kinasa sauti kilipojaa, nilihamishia sauti kwenye kompyuta, nikazifuta, nikaendelea.

Sasa, kompyuta hii haina diski ndani yake. Kila kitu hukaa kwenye memori kadi kama ile ya simu, ndogo kama ukucha. Kadi hiyo haikukusudiwa kuandikwa na kufutwa kutwa kucha. Kumbukumbu yake huchakaa kila inapofutwa, na umeme ukikatika wakati inaandika, mpangilio mzima unaweza kuvurugika. Mjukuu alinionya, "Babu, weka nakala pembeni." Lakini sauti zilikuwa zimefika gigabaiti 40, na flashi niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani; kunakili kungechukua zaidi ya saa mbili. Nilianza mara moja, adhana ikalia, nikakatiza, nikasema nitamalizia kesho. Kesho hiyo haikufika.

Masika ya mwaka 2024, usiku wa mvua, umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Asubuhi kompyuta iliwasha taa yake nyekundu tu, basi. Fundi akaichomeka kadi kwenye mashine yake, haikusomeka. Nikabaki na wazee watano, ambao sauti zao zilikuwa bado ndani ya kinasa sauti.

Mjukuu wangu, aliyeko Dar es Salaam, akasema dawa ni SSD. Hii ni diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kumbukumbu yake ni ya ukoo mmoja na ile ya kadi, ila ina nafasi ya akiba, na ina kidhibiti kinachogawa kazi ya kuandika ili sehemu moja isichakae kabla ya nyingine. Akanunua mbili Kariakoo. Kabla hazijanifikia, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya na mafuriko yake, barabara ya kuja kwetu ikakatika Somanga. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika, na mawasiliano yakayumba nchini. Nikapata siku nyingi za kufikiri.

Barabara ilipopitika, mzigo ukaja kwa basi. Aliyekuja kuifunga diski ni kijana ambaye baba yake alikuwa mwanafunzi wangu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, kisha akaketi mkekani na vifaa vyake. Hapakuwa na kazi kubwa. Diski iko ndani ya kasha dogo lenye waya wa USB. Aliichomeka kwenye tundu jeusi. Kompyuta ikawaka, ila kwa mwendo wa kobe. Akacheka, akaihamishia kwenye tundu la bluu, ambalo ndilo la kasi. Baada ya muda mfupi ikazimika. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikitumia chaja ya simu, nayo haikuweza kubeba ubao na diski pamoja. Tukatafuta chaja yake yenyewe, ya ampea 3, mambo yakatulia.

Kadi ile ilikuwa ikisoma megabaiti 40 hivi kwa sekunde; diski hii, kwenye tundu la bluu, inapita 300. Mwanzoni niliiona kasi hiyo kuwa anasa ya vijana. Mzee kama mimi ana haraka gani? Lakini kijana alipochomeka diski ya pili kwenye tundu jingine la bluu, akaniambia ninakili faili kubwa kwa majaribio, nikaona kwamba gigabaiti 40 zingemalizika kabla chai yangu haijapoa. Hapo nikanyamaza. Sauti zile zilipotea kwa sababu nakala ilikuwa na usumbufu, na mimi kazi yenye usumbufu niliiahirisha.

SSD nayo hufa, tena mara nyingi bila kuaga. Kwa hiyo ile ya pili haikai kwangu. Iko Lindi mjini kwa binti yangu, na kila mwezi tunabadilishana.

Watu wa Kilwa tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Ile tarikh ya masultani wa Kilwa, iliyotungwa katika karne ya 16, haikutufikia kwa maandishi ya mkono wa mtunzi. Tunayo kwa sababu Mreno João de Barros aliingiza habari hizo katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1552, na kwa sababu mtu mwingine alinakili maandishi ya Kiarabu huko Zanzibar katika karne ya 19, nakala ambayo sasa iko London.

Nilirudi kwa wazee 18 waliopotea. Kumi na wanne niliwakuta. Bibi mmoja wa Kivinje, ambaye mara ya kwanza alinisimulia kwa mchana mzima jinsi alivyosoma peke yake barua ya mumewe aliyekuwa safarini, safari hii alisema kwa ufupi, "Si nilishakueleza, Mwalimu?" Akanipa robo yake. Nimeinakili mara mbili.

Wanne walikuwa wamekwisha kufariki. Majina yao nimeyaandika kwa wino katika daftari, na chini ya kila jina nimejaza nilichoweza kukumbuka. Kwa mmoja wao nina mistari mitatu tu.